Taa Zinazopepesa na Nyaya za Zamani Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mkaaji wa nyumba, si ya fundi. Mengi unaweza kuyafuata bila kulegeza hata skrubu moja. Panapohitaji kufungua kitu, tumesema ni kazi ya nani.

Taa inapepesa. Nianze kuangalia nini?

Kabla ya kugusa chochote, jiulize: ni taa ngapi, wakati gani, na kwa muda gani? Mtu anayeweza kujibu hayo vizuri huwa ameshamwokolea fundi nusu ya kazi.

Ikiwa ni taa moja tu, kasoro iko kwenye balbu, kwenye holda, kwenye swichi yake au kwenye kipande cha waya kinachoifikia. Zikiwa taa zote za chumba au za upande mmoja wa nyumba, tafuta maungio yaliyolegea kwenye njia hiyo, au breka yake. Ikiwa ni nyumba nzima, tatizo liko kwenye mein swichi, kwenye mita au nje kabisa. Hapo muulize jirani. Kama na kwake zinacheza, basi suala ni la shirika la umeme.

Andika pia kilichokuwa kinaendelea wakati huo. Friji ilikuwa imeanza kunguruma? Pasi ilikuwa imewashwa? Mvua ilikuwa inanyesha? Upepo nao watu huusahau. Taa zinazocheza siku za upepo tu mara nyingi huonyesha kwamba waya unaotoka kwenye nguzo umelegea pale ulipofungwa, na kila unapoyumba unaachia na kushika.

Ni taa moja tu. Naweza kujaribu nini mwenyewe?

Zima swichi, halafu zima na breka ya taa. Swichi peke yake haitoshi, kwa sababu katika nyumba za zamani si ajabu kukuta swichi imewekwa kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya waya wa moto (ule unaouleta). Taa inazimika vizuri kabisa, lakini holda inabaki na umeme ukiisubiri mikono yako.

Balbu ikishapoa, ikaze. Mara nyingi hadithi huishia hapo. Kama bado inapepesa, weka balbu nyingine ambayo una hakika ni nzima, na ile inayoshukiwa uipeleke kwenye taa ya chumba kingine. Ikipepesa na huko, ni ya kutupa. Ikitulia huko, na ile nzima ikaanza kupepesa mahali pa kwanza, mkosaji ni holda au kilicho nyuma yake.

Tumia tochi kuchungulia ndani ya holda, breka ikiwa bado imezimwa. Plastiki iliyogeuka kahawia, alama za moshi, au vipande vya shaba vilivyozama visivyorudi juu vinatosha kukuambia holda imekwisha. Usivivute kwa bisibisi ili vishike tena. Swichi ina dalili yake pia: ukiibonyeza kidogo au ukiitikisa na taa ikapepesa, au ikitoa mlio wa kuchakarika, ndani yake kumeshaungua. Kubadilisha holda na swichi ni kazi ndogo kwa fundi, na ndiyo maana sioni sababu ya mtu kuipigania mwenyewe.

Nilipoweka balbu za LED ndipo kupepesa kulipoanza. Za zamani hazikuwa hivyo.

Huenda zilikuwa hivyo ila hukuona. Uzi wa balbu ya zamani ukishapata moto haupoi mara moja, kwa hiyo umeme ukiyumba kwa sehemu ndogo ya sekunde mwanga hauonyeshi sana. LED hufuata kila mtikisiko, hasa zile zenye saketi ya bei rahisi ndani. Kasoro iliyokuwa imejificha kwa miaka inaweza kujitokeza siku unapobadilisha balbu.

Lakini kuna sababu ambazo ni za LED yenyewe. Ya kwanza ni dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga. Dima za zamani zilitengenezwa kwa mzigo mkubwa. Balbu tano za LED za wati 9 ni wati 45 tu, na dima nyingi za aina hiyo haziwezi kutulia kwenye mzigo mdogo namna hiyo. Dawa ni dima iliyotengenezwa kwa LED, pamoja na balbu zilizoandikwa kwamba zinakubali kupunguzwa mwanga. Sababu ya pili ni joto. Balbu inayowaka dakika kadhaa, ikazimika, kisha ikarudi yenyewe, inaungua polepole ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa.

Kuna na ile ya balbu kubaki na mwanga hafifu hata swichi ikizimwa. Mara nyingi chanzo ni swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo, au nyaya ndefu zilizolala sambamba zikaambukizana umeme kidogo. Hayo si hatari. Lakini inaweza pia kuwa ile swichi iliyowekwa kwenye nyutro, na hiyo ni lazima irekebishwe.

Ukiona mistari ikipita kwenye video uliyochukua kwa simu huku macho yako hayaoni kitu, usiwalaumu mafundi. Kwenye umeme wa hezi 50, mwanga wa taa nyingi hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na kamera huukamata.

Na tyubulaiti?

Ikijaribu kuwaka bila kufanikiwa, badilisha stata (kile kikopo kidogo cha kuiwashia), breka ikiwa imezimwa. Ncha zikiwa zimekuwa nyeusi, mrija umechoka. Ikinguruma na kunuka, choki (kile kipande kizito kinachodhibiti umeme wa mrija) ndiyo inayolalamika, na hapo mwachie fundi.

Taa hufifia friji au pampu inapoanza. Ni hatari?

Mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishashika mwendo, mara 5 au hata 7. Taa kufifia kidogo kisha kurudi hapo hapo ni jambo la kawaida.

Si kawaida ikiwa taa hubaki hafifu muda wote kifaa kinapofanya kazi, ikiwa hali inazidi mwezi hadi mwezi, au ikiwa hata pasi na birika vinazifanya zishuke sana. Hivyo havina mota. Hapo ama waya ni mwembamba kuliko mzigo wake, ama mahali fulani kuna maungio yaliyolegea. Hili la pili ndilo linalostahili kuogopwa kuliko yote yaliyomo kwenye ukurasa huu, kwa hiyo tulifanyie hesabu.

Pasi ya wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 10. Tuseme njiani kuna waya ambao haukukazwa vizuri, na pale unapogusana pana ukinzani (kizuizi kwa umeme) wa omu 1 tu. Mkondo wa ampea 10 ukipita hapo unapoteza volti 10, ndiyo maana taa inafifia. Umeme uliopotea haukuyeyuka hewani: umegeuka joto la wati 100, lote limerundikana mahali padogo kuliko ukucha, ndani ya kiboksi cha plastiki, nyuma ya ukuta au juu ya dari. Joto hutanua chuma, kikipoa kinasinyaa, skrubu inazidi kulegea. Shaba nayo inashika kutu, ukinzani unaongezeka, joto linapanda.

Na breka? Breka haioni chochote. Kwa hesabu zake pasi inavuta ampea 10 kama kawaida, hata pungufu kidogo. Mwenye nyumba anayesema "mbona breka haijaruka" anatoa ushahidi usiohusiana na kesi.

Baadhi ya taa zinafifia, nyingine zinawaka kupita kiasi.

Nenda kazime mein swichi sasa, ndipo uendelee kusoma.

Hiyo ni dalili ya nyutro iliyokatika au inayokaribia kukatika. Katika mfumo wa fezi tatu, yaani wenye nyaya tatu za moto, kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, na kati ya fezi moja na nyingine kuna 400. Nyutro ndiyo inayozishikilia zile 230 zitulie. Ikiachia, volti zinagawanyika kufuatana na mizigo iliyopo: penye vifaa vingi zinashuka, penye vifaa vichache zinapanda na zinaweza kuelekea 400. Runinga, friji na chaja huungua kwa pamoja, wakati mwingine kwa moto kabisa. Nyumba yenye fezi moja haijasalimika, kwa sababu nyutro inaweza kuwa imekatika nje, mahali inapotumiwa na nyumba kadhaa. Mfumo wa Marekani una volti 120 kila upande wa nyutro na 240 kati ya pande hizo mbili, na ugonjwa huu unaupata vilevile.

Chomoa vifaa, piga simu ya dharura ya shirika la umeme, na usiwashe "kujaribu kama imepona".

Ni dalili gani nyingine za kuzima umeme bila kujadili?

Harufu ya plastiki inayoungua. Harufu kama ya samaki wakati hakuna anayepika samaki, maana baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme hunuka hivyo zikipata moto. Swichi au plagi yenye joto la kushtua. Sauti ya kuchakarika ndani ya ukuta. Maji yanayodondoka kupitia taa. Na kule kupigwa kidogo kidogo unapogusa friji au bomba la maji, ambako watu wengi wamekuzoea wakakuona kama tabia ya nyumba. Kunamaanisha umeme umevuja na erthi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja) haipo au haifanyi kazi.

Kama kinachoungua ni mein swichi yenyewe, usiiguse. Toeni watu nje, piteni mbali nayo, ndipo mpige simu. Moto wa umeme haumwagiwi maji.

Nitajuaje kwamba nyaya za nyumba yangu ni za zamani?

Bila kufungua kitu: soketi za matundu mawili zisizo na erthi, fyuzi za kauri zinazofungwa waya kwa mkono, swichi za duara nyeusi au za kahawia, nyaya zilizopigiliwa kwenye vipande vya mbao. Wingi wa ekstensheni nao ni ushahidi, kwa kuwa unaonyesha nyumba ilijengwa wakati watu walikuwa na taa na redio tu.

Fundi akifungua anaweza kukuta nyaya zenye ganda la mpira lililozungushiwa kitambaa, zilizotumika sana kabla ya plastiki ya PVC kushika nafasi kuanzia miaka ya 1950 na 1960. Mpira huo hukauka. Ukiuacha ulivyo unaonekana mzima, ukiugusa tu unapukutika na shaba inabaki uchi. Ndiyo maana nyumba ya namna hiyo inaweza kukaa kimya miongo mingi, halafu shoti ikatokea siku ile mtu alipobadilisha taa. PVC hudumu zaidi, lakini nayo hukakamaa pale inapokaa juu ya taa zenye joto kali, na panya hawachagui aina.

Je, rangi za nyaya zinaweza kuniambia upi una umeme?

Hapana, na hasa si katika nyumba ya zamani. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao ulienea nchi nyingi, waya wa moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi, erthi kijani. Kwenye fezi tatu rangi za fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu. Rangi mpya ni kahawia kwa waya wa moto, bluu kwa nyutro, kijani yenye mstari wa njano kwa erthi, na fezi nyingine mbili ni nyeusi na kijivu. Uingereza ilianza kuzikubali mwaka 2004 na tangu Aprili 2006 kazi mpya zote zinazitumia.

Sasa tazama kilichotokea. Nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa fezi, na bluu iliyokuwa fezi imekuwa nyutro. Nyumba iliyoongezewa vyumba baadaye huwa na rangi zote mbili kwenye kiboksi kimoja. Ongeza na Marekani, ambako nyeusi ni ya moto na nyutro ni nyeupe, na yule fundi wa zamani aliyetumia waya wowote uliobaki mfukoni.

Nimeambiwa nina nyaya za alumini.

Zilitumika kwa wingi majumbani Marekani kati ya 1965 na 1973 hivi, shaba ilipokuwa ghali. Tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ilieleza kuwa nyumba zenye alumini iliyotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na maungio yaliyofikia kiwango cha kuweza kuwasha moto, zikilinganishwa na nyumba za shaba. Waya wenyewe katikati hauna neno. Shida iko kwenye ncha, maana alumini hutanuka kuliko shaba, hulegea chini ya skrubu, na utando unaoota juu yake haupitishi umeme. Fundi ana viunganishi maalumu kwa ajili hiyo. Kuusokota waya wa shaba na wa alumini pamoja na kuzungushia tepu ni kutega moto.

Basi zote za zamani zing'olewe?

Si lazima. Umri ni sababu ya kupima, na kipimo ndicho kinachohukumu. Fundi huzima umeme na kupima ganda la nyaya kwa volti 500; katika viwango vingi ukinzani usipungue megaomu 1, na nyaya nzima kwa kawaida huwa juu zaidi ya hapo kwa mbali. Kama mpira unapukutika, usimkubalie anayetaka kuviringisha tepu: ng'oa. Kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, mimi ningeanza na mein swichi na erthi, kisha jiko, ambako mizigo mizito iko.

Breka inaruka kila siku. Naweza kuweka kubwa zaidi?

Hapana. Breka huchaguliwa kulingana na waya, wala si kulingana na mahitaji yako. Waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 6 au 10, na wa 2.5 kwa 16 au 20. Ukiweka breka ya 32 juu ya waya wa 1.5, umeugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, nao uko ndani ya ukuta wako. Kufunga waya mnene kwenye fyuzi ya kauri ni kosa hilo hilo.

Chomoa kila kitu, rudisha breka, kisha chomeka kimoja kimoja. Kikifika kimoja na breka ikaruka, umempata, au umefikia mwisho wa uwezo wa njia hiyo. Ikiruka bila kitu chochote kuchomekwa, acha imezimwa na uite fundi.

Ile breka yenye kitufe cha T ni ya nini?

Hiyo inalinda watu. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30 inakata, kwa aina zinazotumika sana majumbani. Bonyeza kitufe kila baada ya miezi michache. Isipokata, haifanyi kazi. Katika nyumba isiyo na erthi inasaidia sana, ingawa haichukui nafasi ya erthi. Na maungio yaliyolegea nayo haiyaoni, kama wenzake.

Tesita ya bisibisi inatosha kujua kama umeme umekatika?

Mimi siiamini. Inategemea mwili wako kukamilisha njia, na kwa viatu vya mpira au mwanga mkali wa mchana unaweza usione kitaa chake. Fundi makini hutumia kipimo cha ncha mbili: anakijaribu mahali penye umeme, anapima anapotaka kufanya kazi, kisha anarudi kukijaribu tena pale penye umeme ahakikishe hakijafa katikati.

Ni nini nisiguse kabisa?

Mita, mein swichi kwa ndani, na waya unaotoka kwenye nguzo. Hata ukizima mein swichi, upande unaoingia bado una umeme. Nchi nyingi zinataka kazi za aina hii zifanywe na fundi mwenye leseni.

Zinapepesa nikiwa kwenye jenereta tu.

Mwendo wa injini ndio unaotengeneza hezi na volti, kwa hiyo mafuta machafu, chujio lililoziba au mzigo mkubwa huonekana kwenye taa. Ukiwa hapo, hakikisha jenereta imeunganishwa kupitia swichi ya kubadilishia. Ile kamba yenye plagi pande mbili, inayochomekwa kwenye soketi, hurudisha umeme hadi kwenye nguzo na inaweza kumuua fundi anayetengeneza laini akidhani imekatwa.

Mtu amenaswa na umeme. Nifanye nini?

Usimshike. Zima breka au mein swichi. Kama huwezi kufika na ni umeme wa kawaida wa nyumbani, msukume atoke kwa mti mkavu, nawe ukiwa umesimama pakavu. Akiwa hapumui, itisha msaada na umkandamize kifua, mara 30 kwa kila pumzi mbili, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Kama hujafundishwa kupulizia pumzi, kandamiza tu bila kuacha. Hata akiinuka akisema yu mzima, apelekwe hospitali, kwa sababu moyo unaweza kusumbua baadaye.

Fundi akija nimwambie nini, na nitajuaje ametibu ugonjwa wenyewe?

Mpe yale uliyoandika: taa zipi, saa ngapi, nini kilikuwa kimewashwa. Mwombe apime volti mara mbili, bila mzigo na pasi ikiwa imewaka, kwa kuwa maungio mabovu hujificha pasipo mzigo. Akisema amekaza kitu, akuonyeshe alipokaza. Kama kilikuwa kimeungua, kukaza hakutoshi: kipande kilichoungua kikatwe na kifaa kibadilishwe. Muombe pia aandike kwenye ubao wa breka ni breka ipi inazima wapi.

Kabla hajafunga mkoba, rudia hali ile ile iliyokuwa inaleta kupepesa. Washa pasi, anzisha pampu, tazama taa. Zikicheza kama jana, alichotengeneza huenda kilihitaji kutengenezwa, ila hakikuwa hiki ulichomwitia.